Jua la Shangazi

Jumapili, 15 Juni 2025

Misa ya kwanza. Padre alihubiri vizuri juu ya Utatu. Mimi niliwaza betri. Nikatubu palepale, bila kusimama.

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya dukani. Jumamosi ijayo mtaani kwetu hakuna umeme, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wanabadilisha nguzo. Watu waliguna. Mimi nilitabasamu. Miezi mitatu nimeisubiri siku hii! Paneli mbili za sola ziko juu ya bati. Betri iko chini ya dirisha. Waya umepita ukutani hadi chumbani kwa Bi Mwanaasha. Umeme ukikatika, Shangazi hatajua.

Shangazi ni mashine ya oksijeni. Aliyeipa jina hilo ni Tekla, mke wangu, kwa sababu inakoroma kama shangazi yake wa Ipole, kwetu Tabora: ngurumo ndefu, halafu pfuu. Tekla aliitumia mwaka na nusu. Mpira wa puani ulikuwa ukimwachia mistari miwili mashavuni. Kila asubuhi niliipangusa kwa kidole gumba kana kwamba ingefutika. Amefariki miaka miwili na miezi minne sasa. Mashine ilikaa kwenye kona, imefunikwa kitenge, mpaka mwaka jana Bi Mwanaasha alipoanza naye kukosa pumzi. Huyu ni mpangaji wetu wa vyumba vya nyuma, rafiki wa Tekla. Miaka thelathini alikaanga mihogo kwa kuni. Moshi haukusahau. Nikampa Shangazi.

Chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta mmoja. Kwa hiyo Shangazi anakoroma tena karibu na sikio langu. Sijamwambia mtu jinsi ninavyolala.

Jioni alikuja Khalfani, mdogo wake Bi Mwanaasha, kutoka Gongo la Mboto. Ana karakana ya kuchomelea mageti na jenereta kubwa kama ng'ombe. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Siku ya maziko ya Tekla alishuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe soda. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nilimpa mbili.

Leo alisimama uani, akatazama bati, akatazama mti. Akasema kwa uso mkavu kabisa kwamba mstafeli wangu unakula jua la paneli, niukate. Nilicheka sana. Akasema, kwa uso uleule, kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe, na mashine ikizimika tu, anamchukua dada yake na mashine yake wakakae kwake. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kwetu Sikonge hata mtoto anajua. Mtani akikaza uso, anatania. Akicheka, hapo msikilize.


Jumatatu, 16 Juni

Hakuwa anatania kuhusu Jumamosi!

Bi Mwanaasha ameniambia asubuhi, anachambua mchele, mpira puani. Khalfani ameshapaka chumba rangi. Kijani. Kitanda kimeshanunuliwa, kina droo chini. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anataka kwenda. Akachambua kidogo. Akasema, "Shemeji, mie nataka kupumua tu. Pumzi ikiwa hapa nitakaa hapa, ikiwa huko nitaifuata."

Gongo la Mboto! Kutoka Madale huko unaondoka na chai ya asubuhi, unafika wanapakua mchana. Nani ataniambia tena ile habari ya Tekla kuingia kwenye harusi ya watu asiowajua, pale ukumbi wa Tegeta, akaimba sauti ya pili mpaka bibi harusi akamkumbatia? Mimi sikuwepo. Bi Mwanaasha alikuwepo. Habari ile iko kwake, mimi huenda kuisikiliza tu.

Basi. Kuhusu Jumamosi, Khalfani alikaza uso na akasema kweli. Huenda ni hilo moja tu.

Nilikaa uani na daftari nione jua linavyokwenda. Saa tano kasoro kivuli cha mstafeli kilipanda ukutani. Saa tano kilikuwa juu ya paneli. Hakikutoka tena. Mwezi wa tatu hakikuwepo kabisa! Jua lilikuwa utosini, linamwagika kila mahali. Sasa limesogea kaskazini, limekaa nyuma ya mti kama mtu anayechungulia pazia.

Loveness aliniambia. Ni fundi wa sola, binti wa Tegeta, ana mkanda wa bisibisi kiunoni. Siku ya kufunga alitafuta kaskazini kwenye simu, simu ikazunguka tu. Bi Mwanaasha akamwelekeza kwa mswala wake. Kibla kwetu ni kaskazini, hakuna simu inayozidi hiyo. Loveness akafunga paneli kuelekea huko, kisha akaninyooshea mti: "Baba, Juni jua litahamia kule nyuma yake. Huu ukate kabla." Nikasema nitaukata. Sikusema Juni ya mwaka gani.

Leo nilimpigia. Akaniamkia. Akauliza kama nilishaukata. Nikasema ninakaribia. Akauliza ninakaribia kumaliza au kuanza. Mtandao ukasumbua. Niliusumbua mimi.

Hesabu yake ninayo hapa. Betri pamoja na jua la asubuhi vinamfikisha Shangazi saa nane mchana. Kutoka hapo paneli zimlishe zenyewe mpaka jioni. Zikiwa kivulini, kimya.

Mti hauguswi. Aliupanda Tekla. Ilikuwa Kwaresima, mwaka tuliohamia. Nilirudi kutoka stoo ya shule nilikokuwa karani, nikakuta mche mbele ya nyumba, majani manne. Yeye amechuchumaa pembeni, anautazama na kutabasamu peke yake. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na njaa.


Jumanne, 17 Juni

Khalfani amepiga simu kujua kama nimeukata. Nikamwambia jua nitalipata kwa njia nyingine. Akaangua kicheko. Akasema basi niweke kioo, nilionyeshe jua njia, maana ni geni Madale. Alicheka mpaka simu ikakoroma.

Alicheka! Nikakata simu haraka nisije nikasahau.

Kioo cha kabati la Tekla. Kirefu, kina ua lililochorwa kwenye kona. Nilikitoa bawaba saa nne. Nikakisimamisha kwenye viti viwili upande wa geti, penye jua. Nikakizungusha polepole. Mwanga ukaruka ukutani, ukateremka, ukapanda, ukapotea, ukarudi. Nilikuwa nimeshika jua kwa mikono miwili. Likapanda bati, likatua kwenye paneli ya kushoto. Taa ndogo ya betri ikabadilika rangi!

Nilisimama pale muda mrefu. Ndani ya kioo niliona mawingu, ncha ya mstafeli, na ua la kwenye kona. Tekla alikuwa akifunga kilemba mbele ya ua hilo. Alianza kwa kuinamisha kichwa kushoto. Nami nikainamisha changu.

Ndipo niliposikia ukelele kwa jirani yangu Albano.


Jumatano, 18 Juni

Albano ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. Anakaa nyumba ya pili. Hunyolea barazani, saa tano, ana kioo chake kidogo cha pembetatu. Jana jua langu lilimpiga machoni wakati wembe uko chini ya pua. Nusu ya masharubu imeondoka. Miaka arobaini aliyafuga!

Leo jumuiya ilisali kwangu. Akaja amenyoa yote. Mdomo wa juu mweupe, una aibu. Wanawake walinong'ona kwamba anautafuta ujana tena. Mmoja aliuliza kama amefiwa. Albano akasema kwa upole kwamba ni majira tu. Akanitazama wakati wa sala ya kusameheana, akatazama muda mrefu. Nikampa kiti chenye mto.

Kioo nimekirudisha. Kimepinda kidogo. Sasa kinamwonyesha mtu mrefu kuliko alivyo.


Alhamisi, 19 Juni

Kuna jambo huwa siandiki. Leo naliandika, maana siku zimebaki mbili.

Alfajiri, katikati ya kulala na kuamka, Shangazi anakoroma na mimi sijajua bado ni mwaka gani. Huwa nasema, "Umeamkaje?" Nilikuwa nikimwambia hivyo Tekla kila siku, hata siku alizokuwa hawezi kuinua kichwa. Na huwa nasikia, kutoka mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, "Salama." Kisha naamka kabisa na kitanda kina upande mmoja.

Imekuwa hivyo tangu mwaka jana. Sijui kama ni ndoto. Sitaki kupeleleza.

Shangazi akihamia Gongo la Mboto nitasema kwa nani?

Mchana Khalfani akaja kupima mlango, kama godoro la dada yake litapita. Amekaza uso. Akasema tena nikate mti, hata matawi matatu tu, panga analo. Ameshupaa na utani wake huo! Nikamwambia mti ukinishinda, nitaitoa paneli kivulini. Hapo akacheka. Akasema niipakie kwenye toroli basi, nilitembeze nyuma ya jua mpaka lichoke. Akashika tumbo. Akarudia: "Kwenye toroli, injinia!"

Toroli ninalo. La wakati wa kujenga.


Ijumaa, 20 Juni

Paneli moja imeshuka. Nilifungua nati kwa spana, nikaifunga kitenge, nikaiteremsha taratibu kwa ngazi kama mgonjwa. Inakaa vizuri kwenye toroli, imeegemezwa kwenye mto. Waya nimeuongeza kwa ule wa redio ya zamani. Nyingine nimeiacha juu.

Mazoezi saa tano hadi saa tisa. Kila robo saa hatua mbili. Kivuli kinakuja, mimi naondoka. Kinakuja, naondoka. Tumezoeana. Kuku walianza kunifuata, wakidhani naelekea mahali penye chakula. Saa nane nilikuwa nimefika kwenye matofali ya geti na taa ya betri ilikuwa ya kijani. Kijani!

Nesi wa zahanati alipita kumpima Bi Mwanaasha. Akaniona nasukuma. Ameacha mtungi mdogo wa oksijeni kando ya kitanda. Amesema mashine zote huzimika siku moja, na mtungi ule ukifunguliwa una saa moja na robo, si zaidi. Nikamwambia hautahitajika. Akasema, "Sawa, baba," akamwonyesha Bi Mwanaasha jinsi ya kuufungua. Akamwonyesha mara mbili.

Bi Mwanaasha alinitazama dirishani jioni nzima. Aliniuliza kwa nini nisikate tawi. Nikasema ni msimu mbaya wa kukata. Akauliza msimu mzuri ni upi. Nikasema kuku hawajala.


Jumamosi, 21 Juni

Saa mbili kamili feni ilisimama. Redio ya Albano ikakatika katikati ya salamu. Mtaa mzima ukasema "Aaa!"

Shangazi akaendelea. Ngurumo, pfuu. Bi Mwanaasha alitoa mkono dirishani, akanionyesha kidole gumba.

Khalfani alikuwa ameshafika. Amekaa juu ya ndoo, saa mkononi. Pikapu iko getini, nyuma ameweka godoro na blanketi jipya. Uso mkavu. Nilimpa chai. Akanywa bila kutukana. Nilianza kuogopa.

Saa tano kivuli kikafika. Nikashika toroli.

Saa sita vizuri. Saa sita na nusu vizuri. Mwanga ulipita kwenye majani, ukaanguka mchangani vipande vipande. Nilivikanyaga kimoja kimoja. Kwa muda nilisahau kazi. Nilikuwa nampeleka mtu matembezi, hatua mbili, tunapumzika, hatua mbili. Tekla mwisho alitembea hivyo. Kutoka mlangoni hadi mstafelini alipumzika mara tatu, akifika anauegemea na kusema, "Tumefika Tabora."

Saa saba na nusu Khalfani akasema kwa uso mkavu kwamba waya utachomoka. Nikamwomba asinichekeshe, nipo kazini.

Waya ulichomoka. Ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia, mimi nikasukuma hatua ya pili. Toroli likaruka. Likaangukia lundo la mchanga, kivulini, na paneli juu. Mimi pembeni.

Nikawa napapasa waya. Kipande kilichobaki hakikufika penye jua. Paneli ya juu ya bati ilikuwa kivulini kabisa. Saa nane kasoro dakika tano Shangazi akalia: ti, ti, ti, ti. Halafu kimya.

Kimya kile nakijua. Siku ile nesi aliizima kwa mkono wake, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Khalfani aliruka kutoka kwenye ndoo. Alifungua mtungi, akabadilisha mpira, alifanya yote kabla sijafika mlangoni. Bi Mwanaasha alikuwa amekaa, viganja magotini, mabega yanapanda. Midomo si rangi yake. Nilishika fremu ya mlango. Pumzi ya mtungi ikaanza kuingia. Mabega yakashuka kidogo, kidogo.

Saa moja na robo. Gongo la Mboto ni mbali kuliko hiyo.

Khalfani alijua. Aliangalia pikapu, akaangalia mshale wa mtungi. Akaniambia polepole, bila jina lolote la utani, "Mzee Didas, tafadhali. Mti."

Nikasema siwezi. Nikasema Tekla aliupanda. Sijawahi kulitamka hilo kwa sauti. Nilisema tena.

Khalfani akainamisha kichwa. Tulisimama wanaume wawili wazima, tumekwama.

Ndipo Bi Mwanaasha akaanza kuongea. Maneno mawili, pumzi. Maneno mawili, pumzi. Akauliza nani kasema. Nikasema nilimkuta mwenyewe kwenye mche. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mate yangu yale."

Nilidhani hewa imempungua. Akanyanyua mkono nisubiri. Siku moja walikula stafeli, yeye na Tekla, mkekani mbele ya nyumba. Wakashindana kutema mbegu. Ya Tekla ikaangukia mapajani mwake mwenyewe. Ya Bi Mwanaasha ikavuka mkeka, ikavuka ndala, ikaenda kutua pale. Tekla alicheka mpaka akalala chali. Mche ulipotoka, alikuwa akienda kuuchungulia na kucheka peke yake. Na majani yalipoanza kuangukia nguo zilizoanikwa, kila Jumamosi alimwambia Bi Mwanaasha aje aondoe mate yake.

"Mti wangu," akamaliza Bi Mwanaasha. "Nikatie, shemeji. Napumulia saa ya mtungi."

Panga lilikuwa chini ya kiti cha pikapu. Limenolewa. Khalfani alikuwa amelibeba tangu Jumapili.

Nilipanda mwenyewe. Yeye alishika ngazi. Tawi la kwanza niliomba radhi. La pili niliomba nusu. La tatu nilikuwa nakata tu, natokwa jasho, majani yananiingia shingoni, na harufu ile kali ya mstafeli inanizunguka. Mwanga ulipita kwenye pengo kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu. Ukatua kwenye bati. Ukatua uani, juu ya toroli. Khalfani alikuwa ameshaacha ngazi na kuunga waya kwa meno na vidole.

Niling'ang'ania shina. Hakuna aliyenishika tena. Nikasubiri.

Mshale wa mtungi uliingia kwenye nyekundu. Saa tisa na dakika kumi. Ti. Kisha ngurumo ndefu. Kisha pfuu.

Nilibaki juu ya mti. Kutoka pale niliona paa zote za Madale, vilima, na Albano barazani kwake, anatazama huku, mdomo wa juu umeanza kuota masharubu tena.


Jumapili, 22 Juni

Mwili mzima unauma. Sikwenda misa. Nimesali nikiwa nimelala, sala fupi.

Khalfani alilala sebuleni kwangu. Asubuhi akanikumbusha alichosema: mashine ikizimika. Ilizimika kwa muda wa saa moja na robo. Mtu mzima hutimiza alichosema mwenyewe. Akaanza kufunga blanketi. Mimi sikubisha. Sikuwa na haki ya kubisha. Nilimkunjia kitenge cha Shangazi ili vumbi lisimwingie njiani.

Bi Mwanaasha akasema hamna anayekwenda. Khalfani akataja kitanda chenye droo. Dada yake akasema droo aweke spana zake. Khalfani akataja jenereta. Dada yake akasema moshi mwingine hautaki. Khalfani akauliza basi hapa kuna nini, mti nusu na mzee wa toroli.

Bi Mwanaasha akasema, "Nikiondoka, alfajiri nani atamwitikia huyu?"

Nilikuwa nimeshika kitenge. Nikaendelea kukishika.

Akasema bila kunitazama, anarekebisha mpira puani, kwamba mwaka mzima anaulizwa na ukuta ameamkaje, na mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa huitika. Mwanzo alidhani ninamuuliza yeye. Baadaye akajua siye. Akaendelea kuitika.

Shangazi akakoroma.

Khalfani alifungua blanketi tena, akalitandika. Godoro amemwachia. Kwenye toroli ameniwekea kokoto chini ya gurudumu, lisisogee tena maisha yake yote. Alipofika getini akageuka, akatazama ua wangu. Umekuwa mweupe, una jua kila kona. Akaangua kicheko. Akasema, "Mtani, ua umekuwa kipara! Panda mwingine basi!" Akacheka mpaka akashika geti.

Alicheka. Nimeliandika hapa nisisahau.


Jumatatu, 23 Juni

Alfajiri nilisema, "Umeamkaje, Bi Mwanaasha?"

Shangazi alimaliza ngurumo yake.

"Salama, shemeji. Na wewe?"

Mwaka mzima sikuwa nimeulizwa na mimi. Nilifikiri kwanza, ndipo nikajibu.


Jumanne, 24 Juni

Loveness amekuja. Amerudisha paneli juu, amefunga upya, amesifu pengo. Akasema sasa jua la Juni linaingia lote, nisiweke kitu chochote mbele ya paneli hizi. Chochote. Alikaza uso kabisa! Binti mdogo, na tayari anajua utani. Nikacheka. Akanitazama, akafunga mkanda wake, akaaga.

Kwenye tawi la tatu kulikuwa na stafeli bivu. Halikupasuka lilipoanguka. Jioni tulilila mkekani, mimi na Bi Mwanaasha, mbele ya nyumba. Loveness alikuwa amefunga waya mrefu mzuri, Shangazi akatoka na sisi, akakoroma kando ya ndala.

Nikamwambia Bi Mwanaasha alichoshauri Khalfani. Akasema Khalfani alikuwa anatania. Nikamweleza kwamba alikuwa anacheka. Akanitazama kwa huruma. Kisha akachukua mbegu.

Alitema ya kwanza. Kwa pumzi ya kuazima, ikavuka mkeka na ndala zote mbili! Mimi nikatema ya pili. Ikatua kwenye goti langu. Akacheka mpaka ikabidi ajishike kwenye mashine.

Ya tatu niliitema kwa niaba ya Tekla. Sijui pumzi ilitoka wapi. Ilikwenda juu, ikang'aa kidogo, ikaangukia mbali kuliko zote, upande wa kibla, mbele kabisa ya paneli.

Nimeifukia. Nimeizungushia matofali manne kuku wasiiguse. Nimepima kwa hatua pia, sifanyi mambo kwa kubahatisha. Pale ni mahali pazuri sana kwa mti. Pako wazi, na jua linafika pale siku nzima, bila kitu chochote kulizuia.